Je, Kila Ayumbaye Amelewa?

Katika lugha yetu ya Kiswahili liko neno moja tunalowavisha watu watatu walio mbalimbali. Aliyekunywa kileo akapotewa na akili, twasema amelewa. Abiria asiyezoea safari, jahazi likimpandisha na kumshusha mpaka akatapika, twasema bahari imemlevya. Na mgonjwa ainukaye kitandani akaiona nyumba inamzunguka, twasema ana kizunguzungu, analewalewa. Mmoja katika hao ametenda kosa kwa khiari yake. Wawili hawakutenda lolote. Lakini jicho la mpita njia, likiwaona wote watatu wakiyumba na kushika ukuta katika vichochoro vya Lamu, huwakatia hukumu moja.

Basi suala tunalotaka kulitazama ni hili: je, yafaa kumhukumu mtu kwa mwendo wake? Suala hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna heshima za watu, na mara nyengine mna roho zao. Wala haitoshi kuhimizana tu kuwa na dhana njema, kwani mwenye kuhimizwa bila ya kuelezwa hurudi katika mazoea yake kesho. Yatupasa tujue kwanza mwili husimamaje. Ndipo tutakapojua kwa nini huyumba, na ndipo tutakapojua ayumbaye ana haki gani juu yetu.

MASHAHIDI WATATU

Watu wengi hudhani kuwa kusimama ni kutulia. Sivyo. Mwili wa binadamu ni mrefu, uzito wake mwingi uko juu, na nyayo zake ni ndogo. Ungeachwa wenyewe ungeanguka kama boriti iliyosimikwa bila ya kushindiliwa. Hata askari aliyesimama wima kabisa huyumba kidogo, mbele na nyuma, bila ya kukoma, na misuli ya miguu yake humvuta na kumrudisha pasi na yeye kujua. Kwa hivyo hakuna mtu asiyeyumba. Tofauti yetu ni kuwa kuyumba kwa wengine huonekana na kwa wengine hakuonekani.

Sasa ni nani aupashaye mwili khabari kuwa umeinama? Mashahidi ni watatu.

Wa kwanza ni sikio. Si hili la nje tulionalo, bali sikio la ndani lililofichwa katika mfupa wa kichwa. Humo mna mifereji mitatu iliyopinda mfano wa nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, nayo imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yale hubaki nyuma kidogo, kama yabakivyo maji ya ndani ya ndoo izungushwapo ghafla, na kubaki huko husukuma vinyweleo vyembamba vinavyopeleka khabari kwenye ubongo. Kando ya mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za chokaa, ambazo asili yake ni moja na ya matumbawe tuliyojengea majumba yetu ya mawe. Hizo ndizo zijulishazo kichwa kimeinamia upande gani, na kama mtu anakwenda mbele au anashuka.

Shahidi wa pili ni jicho. Nalo hufanya kazi pamoja na sikio kwa namna ambayo msomaji aweza kuijaribu sasa hivi. Shika karatasi hii mbele yako, uitikise upande kwa upande upesi upesi: maneno yatavurugika usiweze kuyasoma. Kisha iache karatasi imetulia, ukitikise kichwa kwa kasi ile ile: maneno yatasomeka. Sababu yake ni kuwa sikio humwambia jicho kila mgeuko wa kichwa, na jicho likageuka kinyume chake kwa kadiri ile ile, kabla hujafikiri lolote.

Shahidi wa tatu ni misuli na viungo, ambavyo huuambia ubongo goti limekunjwa kiasi gani na mkono uko wapi, hata katika giza. Shahidi huyu hatumjui kwa sababu hajapata kutuacha. Lakini mwaka 1971 kijana mmoja wa Uingereza aitwaye Ian Waterman, mwenye umri wa miaka 19, alipatwa na maradhi yaliyoharibu neva za hisia, hata akapoteza kujua mahali pa viungo vyake kuanzia shingoni kwenda chini. Nguvu za misuli alikuwa nazo, na nia ya kusimama alikuwa nayo, lakini hakuweza kusimama. Ilimlazimu kujifunza upya kuketi, kisha kusimama, kisha kutembea, kwa kukitazama kila kiungo na kukiamrisha kwa macho. Taa ikizimika, alianguka. Daktari Jonathan Cole aliandika khabari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1991, na kwa yeye tumejua kuwa kutaka peke yake hakumsimamishi mtu.

Ushahidi wote huo hupelekwa kwenye ubongo, na khasa katika ile sehemu ya kisogoni iitwayo ubongo mdogo, ambayo hukaa mfano wa kadhi: huusikiliza, huulinganisha, kisha hutengeneza amri. Wala kadhi huyo hangojei shari itokee. Unaponyosha mkono kunyanyua ndoo ya maji, misuli ya miguu na mgongo hukaza kabla mkono haujaondoka, ili uzito ule usikuvute ukaanguka kifudifudi. Ndivyo wafanyavyo mabaharia wetu katika mashindano ya mashua: hawangojei mpaka chombo kilale, wakiuona upepo unakuja juu ya maji, mmoja wao huwa ameshatoka nje juu ya ule ubao utokezao upande wa joshini, akakiweka sawa kwa uzito wake.

Na ustadi huu hukua kwa mazoezi. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wabebao mizigo kichwani na Wakikuyu waibebao mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Waliona kuwa wanawake hao huweza kuchukua mzigo uliofika sehemu moja katika tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Hakuna katika hao aliyesomeshwa darasani namna ya kuupeleka mwili. Ulijifunza wenyewe tangu utotoni, wao wakiwa wanawaza mambo mengine.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa mwenye kujiona. Anayetembea kwa kunyooka, akashuka gatini na kupanda chomboni bila ya kutikisika, hajui hata moja katika hayo yafanyikayo ndani yake. Si yeye aliyeipanga mifereji ya sikio, wala si yeye aliyezihesabu chembe za chokaa. Basi ikiwa kusimama kwake si sifa aliyoichuma, kuanguka kwa mwenzake kutakuwaje aibu aliyoichuma?

MASHAHIDI WAKIKHITALIFIANA

Mashahidi hawa watatu wakisema neno moja, mwili hutulia. Wakikhitalifiana, hufadhaika. Abiria aliyeketi ndani ya jahazi akitazama mbao tu, jicho lake humwambia kuwa ametulia, na sikio lake humwambia kuwa anapanda na kushuka. Kadhi asijue amsadiki nani, na mtu akashikwa na kichefuchefu. Ndiyo maana akitoka nje akatazama mbali, pale bahari ikutanapo na mbingu, hupata nafuu, kwa kuwa jicho nalo sasa limekuja kuona lile alionalo sikio.

Na shahidi mmoja akiharibika, mtu huyumba. Na wenye kumharibu ni wengi. Kileo ni mmoja wao: huingia katika damu, kikafika katika mifereji ya sikio kikabadilisha uzani wa vilivyomo, na kikafika katika ubongo mdogo kikauvurugia amri zake. Lakini mlango ule ule aupitao mlevi, wengine huingizwa kwa nguvu.

Chembe zile za chokaa, khasa kwa watu wazima, huweza kuchopoka mahali pake zikaingia katika mmoja wa mifereji. Mtu huyo akigeuka kitandani, akitazama juu, au akiinuka kutoka katika sijda, dunia humzunguka kwa muda mfupi, kisha ikatulia. Maradhi haya yana tiba isiyotaka dawa wala kisu: mtaalamu hukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalumu mpaka chembe zikarudi mahali pake. Utaratibu ulio mashuhuri zaidi uliandikwa na daktari John Epley wa Marekani mwaka 1992. Kuna na mzee ambaye hisia za miguu yake zimedhoofika, akawa anasimama kwa msaada wa macho tu. Akiyafumba atie maji ya udhu usoni, huanguka. Kuna aliyeharibiwa sikio na sindano za streptomaisini, dawa iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu. Kuna aliyepatwa na kiharusi. Na kuna mgonjwa wa kisukari aliyetumia dawa yake kisha asile: sukari ya damu ikishuka mno, hutoka jasho, hutetemeka, ulimi ukawa mzito, akayumba na kujibu yasiyoulizwa.

Namtaka msomaji asimame hapa kwa huyu wa mwisho. Alama zake zote ni alama za mlevi. Akiwa bado ana fahamu na aweza kumeza, kikombe cha maji yenye sukari nyingi humrudisha kwa muda mchache, ndipo apelekwe kwa daktari. Akiachwa barazani kwa kuwa watu wamesema "mwacheni, amekunywa," huweza kufa. Na katika mwezi wa Ramadhani, wagonjwa wa kisukari wafungao bila ya kumuuliza daktari wamo katika khatari hiyo khasa. Mtu aliyeshikamana na ibada yake hata akazidiwa, akafa kwa kudhaniwa mlevi: ni nani atakayejibu juu ya kifo hicho?

Wala tusidhani kuwa kuhukumu kwa pupa ni ujinga wetu peke yetu. Waganga wa Ulaya wenyewe kwa muda mrefu walidhani kuwa kizunguzungu kikali ni damu iliyojaa ubongoni, wakawatoa damu wagonjwa wao na kuwazidishia udhaifu. Mwaka 1861 Prosper Ménière, daktari wa chuo cha viziwi mjini Paris, aliwaeleza wenziwe kuwa maradhi yale huweza kutoka katika sikio la ndani. Baadaye Robert Bárány wa Vienna alizingatia kuwa wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji ya baridi au ya moto mno walilalamika kizunguzungu. Badala ya kuwalaumu akatafuta sababu, akaona kuwa maji hayo huyaendesha majimaji ya mifereji. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Watu hao wawili hawakuwashinda wenziwe kwa jambo jengine ila kuwa walisikiliza na kuuliza kabla ya kuhukumu.

JAWABU KWA WENYE KUPINGA

Atasema mmoja: "Je, mwakanusha majini?" Hatukanushi. Kuamini kuwa majini wako ni jambo moja; kudai kuwa jini fulani ndilo lililomwangusha bibi fulani siku fulani ni jambo jengine, nalo ni ushahidi. Tunamuuliza mwenye kuushuhudia: umeliona? Umejuaje? Na ikiwa hatuyumkini kumtia mtu katika deni la shilingi kumi kwa maneno ya mtu mmoja asiyeona, vipi tutamtia mama wa watu katika kufukizwa, kufungiwa chumbani na kutumiwa akiba yake yote, kwa maneno ya mganga ambaye naye hakuona? Tena khasara yenyewe si ya mali tu. Mtu akiyumba ghafla, uso ukapinda upande mmoja, mkono ukalegea, au maneno yakamtatiza, hicho huenda kikawa kiharusi, na tiba ya kiharusi huhesabiwa kwa saa. Na mgonjwa wa Faza au Kizingitini ana bahari ya kuivuka kabla ya kufika hospitali kisiwani Lamu. Saa zipoteazo katika mafusho hazirudi.

Atasema mwengine: "Basi tusimzuie mtu yeyote? Nahodha ayumbaye tumwachie usukani na ndani mna watoto wetu?" La. Kuzuia madhara ni wajibu, wala hakungojei kujua sababu. Nahodha ayumbaye atolewe kwenye usukani hapo hapo, awe amekunywa au ni mgonjwa, kwa kuwa bahari haimuulizi mtu sababu. Lakini kumtoa mtu kwenye usukani si kumvunjia jina lake. La kwanza latosha kulifanya kwa kuona. La pili haliwi ila kwa ushahidi. Makosa yetu ni kuwa twaanza na la pili, twataja "mlevi" katika kila baraza, na la kwanza pengine tukalisahau.

Wala hatusemi kuwa ulevi si dhambi, au kuwa mlevi hana lawama. Twasema kuwa dhambi ni ya aliyekunywa, na kuyumba si kunywa.

ULIMI NAO HUANGUSHA

Limebaki jambo moja ambalo watu hawalidhanii. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano wa mtu apitaye juu ya gogo. Likiwa limelazwa chini hulipita bila ya shida. Likiwa limewekwa juu ya shimo, gogo lile lile na mtu yule yule, huogopa kuanguka, na kule kuogopa ndiko kumwangushako. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ijapokuwa aliwapinga wanafalsafa katika mengi, naye aliutaja mfano huu. Kila aliyepita ubao wa kupandia chomboni maji yakiwa chini yake aujua ukweli wake. Na madaktari wa leo wamethibitisha kuwa mzee aogopaye kuanguka hukaza mwili, hufupisha hatua, huacha kutembea, misuli ikadhoofika, na akawa karibu zaidi na kuanguka kuliko alivyokuwa.

Basi fikiri, ewe msomaji: mama aliyeanguka mara moja, kisha akasikia wanawake wa mtaa wakinong'ona kuwa amepandwa, atapita vipi mbele yao siku ya pili? Ardhi ni ile ile aliyoizoea miaka 60, lakini sisi tumekwisha kumchimbia shimo pande zote mbili. Akiwa na ugonjwa mdogo wa sikio tutakuwa tumemzidishia mkubwa, nao ni khofu. Na akianguka tena tutasema: "Mmeona? Hatukuwaambieni?"

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi zaidi ni wenye umri uliopita miaka 60. Na yaliyo katika uwezo wetu si machache. Ngazi za majumba yetu ni za mawe, zimesimama, na nyingi zina giza: tutie taa, kwa kuwa jicho ni shahidi, na tufunge kamba imara au mti wa kushikia. Mzee atawadhe ameketi, au ameshika kitu. Asifungiwe ndani kwa jina la kumhifadhi, bali atembezwe. Uchunguzi uliokusanywa na kuchapishwa mwaka 2019 umeonyesha kuwa mazoezi ya kusimama na kutembea hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Mwenye kizunguzungu kinachorudi apelekwe kwa daktari, amweleze huja wakati gani na hukaa muda gani. Na kijana akimwona mtu ayumba njiani, neno la kwanza liwe: "Ewe baba, una nini? Una sukari? Nikushike mkono?" Swali hilo halimpunguzii mlevi dhambi yake, na kwa mgonjwa huenda likawa ndilo uhai wake.

Mwili wenyewe watufundisha adabu. Hauendi kwa neno la shahidi mmoja: husikiliza sikio, ukasikiliza jicho, ukasikiliza misuli, na baada ya kulinganisha ndipo uinuapo mguu. Ukiuinua kwa neno la mmoja asiyeaminika, huanguka. Ikiwa mguu, usio na akili, hauendi hatua moja bila ya mashahidi watatu, basi ulimi wa mwenye akili una haki zaidi ya kungojea kabla ya kumwita mtu mlevi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.